Tuwaulize Wanaocheza Kabla ya Kutupa Mchezo

Wiki hii tulitaka kuendelea na habari ya daftari za watoto, kama tulivyoahidi. Lakini jambo lilitokea siku ya likelemba, na wengi mlituomba tuliandike. Daftari zitangoja wiki moja.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tulikuwa tumekwisha kuhesabu pesa, na aliyefikiwa na zamu alikuwa amezifunga katika kikwembe. Mama mmoja akasimama. Alitoa kitu katika kikapu chake, akakiweka mezani. Kilikuwa cha rangi ya kijivu, kinene kama kipande cha sabuni, kina kioo kidogo na vifungo vichache. Akasema: "Wenzangu, mnisaidie. Kitu hiki kiuzwe, pesa ziingie katika sanduku letu. Kama hamtaki, nakitupa katika ziwa."

Tulimwuliza kisa. Kitu kile ni Game Boy, chombo cha mchezo cha kushika mkononi. Mjomba wa watoto alikileta alipokuja kutoka Ulaya; kilikuwa chake tangu utoto. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, Super Mario Land. Chombo kinakula betri ndogo nne. Betri zilipokufa, kijana wake wa miaka 11 alichukua mbili katika tochi ya nyumba na mbili katika redio ya nyanya. Nyanya alipotaka kusikiliza matangazo ya jioni, redio haikusema. Kijana akamwambia: "Nyanya, redio imeharibika." Jioni ile ile redio ilitangaza kifo cha rafiki wa nyanya, mwanamke waliyelima naye pamoja tangu usichana wao. Nyanya alipata habari siku tatu baadaye, njiani, mazishi yakiwa yamekwisha kupita.

Mama zetu, mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu kukosa kuzika rafiki yake si kitu cha kusema "pole" mara moja na kwisha.

Mkutano uligawanyika. Wengine walisema kitupwe leo. Wengine walisema kiuzwe, maana pesa hazina kosa. Mmoja akasema michezo yote ya kioo ni shetani mmoja, iwe ya simu, iwe ya televisheni. Sisi tuliomba kitu kimoja tu: tupewe wiki moja. Sisi tunaofundisha hatuweki alama kwenye daftari ambayo hatujafungua. Katika mkutano ule watu zaidi ya 20 walikuwa wameuhukumu mchezo, na hata mmoja wetu hakuwa ameucheza. Tukasema tuende kwanza tuwaulize wanaoucheza. Mama yule alikubali, akakirudisha kile kitu katika kikapu.

Leo tunawaletea tuliyoyasikia.

Kwanza, mchezo wenyewe ni nini

Ilitupasa kujifunza, basi na ninyi mjue. Game Boy ilitolewa na Nintendo, kampuni ya Japani, mwaka 1989. Mkubwa wa kazi ile alikuwa Gunpei Yokoi. Mtu huyo alikuwa na wazo ambalo mama wa nyumbani ataelewa upesi: usikimbilie kitu kipya cha bei kali, chukua kitu cha zamani, kilicho rahisi na kinachojulikana, ukitumie kwa namna mpya. Ndiyo sababu kioo cha Game Boy hakikuwa na rangi nyingi. Kilikuwa na vivuli vinne tu juu ya kijani iliyofifia, wakati vyombo vya wengine vilianza kuwa na rangi. Lakini vile vya rangi vilimaliza betri haraka na bei yake ilikuwa juu. Game Boy ilidumu, na ikashinda.

Super Mario Land ilitoka mwaka huo huo, pamoja na chombo. Inaonyesha mtu mdogo mwenye masharubu, Mario, anayekwenda kutoka kushoto kuelekea kuume. Anakimbia, anaruka mashimo, anakanyaga maadui, anaokota sarafu. Sarafu 100 zinampa maisha moja zaidi. Kioo kinamfuata akienda mbele, na hakirudi nyuma: alichopita bila kukiokota, kimepotea. Mchezo una dunia nne, na kila dunia ina sehemu tatu, jumla 12. Mwisho wake anamwokoa binti mfalme Daisy, aliyeibwa na adui aitwaye Tatanga.

Wenye kununua walikuwa wengi sana: zaidi ya milioni 18. Ni mchezo uliolea watoto wengi wa dunia, na watoto hao leo ni wazazi kama sisi.

Neno la mjomba

Tulimtumia mjomba ujumbe wa sauti, naye akajibu kwa furaha. Alisema wachezaji wa wakati wake waligawanyika juu ya mchezo huu, na hata leo hawajapatana.

Wa upande mmoja wanasema: mchezo ni mfupi. Aliyeuzoea anaumaliza kwa chini ya saa moja. Mario ni mdogo mno kwenye kioo, mpaka unakunja macho. Anaanguka kwa uzito kuliko katika michezo yake mingine. Kobe ukimkanyaga, gamba lake halipigi wengine kama walivyozoea. Linapasuka kama bomu, na likikukuta karibu unaumia. Mpira anaorusha hauendi kama moto wa Mario wa televisheni. Unaruka ukutani na kurudi. Wanasema: huyu si Mario wetu. Na kweli, aliyembuni Mario, Shigeru Miyamoto, hakuushika mchezo huu. Uliongozwa na Satoru Okada, chini ya Yokoi.

Wa upande wa pili wanasema: ndiyo sababu tunaupenda. Una mambo yake peke yake. Dunia moja ina piramidi kama za Misri. Nyingine ina vichwa vikubwa vya mawe kama vile vya kisiwa cha Pasaka. Kuna mahali Mario anaingia katika nyambizi chini ya maji, na mahali anapanda ndege. Ule mpira unaorudi, ukiujua, unakuokotea sarafu mahali usipoweza kufika. Na ufupi wake ni dawa: unaanza, unamaliza, unaweka chini.

Mjomba alituchekesha pia. Katika kitabu cha maelezo cha mchezo, dunia ya pili inaitwa Muda na ya nne inaitwa Chai. Alipokuwa mtoto huko Ulaya aliwaambia wenzake wazungu kwamba waliotengeneza mchezo wanajua Kiswahili cha kwao. Si kweli, majina hayo hayatoki kwetu. Lakini alisema siku ile alitembea kifua mbele.

Tulimwuliza: kama ungechagua, ungewapa watoto huu au mwingine? Akajibu kwamba mwaka 1992 ulitoka wa pili, wenye Mario mkubwa zaidi na dunia nyingi, na wachezaji wengi wanauona bora. "Lakini bora yake kubwa," akasema, "ni kwamba ule wa pili unakumbuka ulipofikia. Huu wa kwanza haukumbuki kitu. Ukiuzima, umepoteza yote."

Neno hilo tuliliandika pembeni, na mtaona kwa nini.

Neno la kijana

Kijana alikuja amejikunja, akifikiri tunamwita kwa viboko. Tulimwambia: "Hatuulizi habari ya betri leo. Tuambie mchezo ni mzuri au mbaya."

Alinyamaza, halafu akaanza kusema, na hatukuweza tena kumnyamazisha. Anapenda ndege na nyambizi. Anapenda sehemu ya piramidi kwa sababu ya vitu vinavyofichwa. Anachukia kobe wa bomu. Na zaidi ya yote anachukia kwamba mchezo hauhifadhi kazi yake.

"Madamu," alisema, "nikifika dunia ya tatu, mama anaita, niende kuchota maji. Nikizima, ninarudi mwanzo. Basi ninabonyeza kifungo cha kusimamisha, ninaweka chini ya kitanda, ninaenda. Ninaporudi, naendelea."

Tukauliza: "Na betri?"

Akaangalia chini. "Zinaendelea kuliwa."

Mama zetu, hapo ndipo tulipoelewa. Mchezo uliosimamishwa bado umewashwa. Mtoto yuko bombani kwenye foleni, saa nzima, saa mbili, na chombo kinakula betri chini ya kitanda. Betri mpya nzuri zingetosha mchezo wa siku nyingi. Zile za bei ya chini tunazonunua hazitoshi, na zikiachwa zinakufa pasipo mtu kucheza. Kisha betri zinapokufa, mtoto aliyefika karibu na mwisho anapata wazimu wa kutaka kumaliza. Anaona tochi. Anaona redio.

Hatusemi kwamba hana kosa. Tunasema sasa kosa lina njia tunayoiona. Mama alikuwa akisema: "Namwita mara tano haji, mchezo umemfanya kiziwi." Hakuwa kiziwi. Alikuwa anahesabu atakachopoteza. Hata sisi, tukiwa tunamimina bugali kwenye sahani na mtu anatuita mlangoni, tunajibu "nakuja" na hatwendi.

Neno la dada yake

Dada yake ana miaka 13. Hakuna aliyefikiri kumwuliza. Mama alisema, "Huyu hachezi, huyu ana kazi." Tulipokuwa tukiongea na kijana, msichana alikuwa akichambua sombe karibu na mlango, na mara mbili alimsahihisha kaka yake bila kuinua kichwa.

Mara ya pili tukamwita. "Wewe unajuaje?"

Alisema anacheza wakati mdogo wake amelala, au amekwenda maji. Dakika kumi, dakika kumi na tano. Mengine alijifunza kwa kutazama juu ya bega lake. Tukawapa chombo, kila mmoja kwa zamu, mbele ya mama yao. (Betri tulinunua sisi.)

Mwisho wa dunia ya kwanza kuna mnyama kama simba, anatema moto. Kijana alisimama mbele yake, akampigania, akafa. Akarudi, akampigania tena, akafa. Msichana alipofika pale, alingoja moto upite, akamruka simba, akagusa kifungo kilicho nyuma yake, na ikawa amekwisha. Hakumpiga hata mara moja.

Kijana akapiga kelele: "Ulijuaje?"

Akajibu: "Sina muda wa kupigana. Mama ataniita."

Mama zetu, tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na mwiba ndani. Msichana amejifunza njia fupi kwa sababu hajapewa wakati. Tunajua wasichana wengi wa namna hiyo katika darasa letu. Wanafanya kazi ya masomo usiku, baada ya vyombo, kwa mwanga wa simu, na bado wanapita. Tunawasifu kwamba wana mayele. Hatuulizi wangefika wapi kama wangekuwa na saa moja yao wenyewe.

Maoni yake juu ya mchezo? Alisema ni mzuri, ila mlango wa juu watu hawauoni. Mwisho wa sehemu nyingi kuna milango miwili, wa chini na wa juu. Wa chini ni rahisi. Wa juu ni mgumu, lakini unampeleka mchezaji penye zawadi, anaweza kuongezewa maisha. Kijana alikuwa akipita chini sikuzote.

Neno la mama

Kisha msichana akamwambia mama yake: "Na wewe jaribu." Mama akakataa. Tukamwambia: "Ulitaka kukitupa ziwani, kijaribu kwanza." Akakaa kwenye kiti kidogo, akakishika kama mtu anayeshika samaki hai.

Alianguka katika shimo la kwanza. Watoto wakacheka, naye akacheka. Mara ya pili alikanyaga kobe, akafurahi, akabaki pale pale kumtazama, gamba likampasukia. Mara ya tatu alipita mashimo mawili. Alipomaliza jasho lilikuwa kwenye paji la uso.

Tukamwuliza maoni yake. Alisema mambo matatu, nasi tunayaandika kama alivyoyasema.

La kwanza: "Kitu hiki si cha kijinga kama nilivyofikiri. Kinataka mtu avumilie, ajaribu tena."

La pili: "Lakini kina ulafi. Kinakutaka wewe mzima, macho, mikono na masikio. Chungu kingeungua."

La tatu lilikuwa juu ya binti mfalme. Watoto walimweleza kwamba mwisho wa kila moja ya dunia tatu za kwanza, Mario anafikiri amempata Daisy, kumbe ni adui aliyejigeuza; Daisy wa kweli anapatikana mwisho kabisa. Mama akauliza: "Na huyo msichana muda huo wote anafanya nini? Anakaa tu akingoja mwanaume aruke mashimo?" Msichana akajibu: "Mama, ndiyo hadithi." Mama akasema: "Basi wewe usingoje."

Tunaamini msichana alilisikia.

Neno la nyanya

Tulimwacha nyanya mwisho, kwa heshima na kwa sababu tuliogopa. Tuliketi naye nje katika lupango, jua likishuka. Tulimweleza kazi yetu. Alitaka kusikia kile kitu kinavyosema, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Msichana akacheza. Mario akapata nyota, ile inayomfanya asidhurike, na muziki ukabadilika, ukawa wa haraka sana. Muziki ule ni wa zamani: ni dansi iliyotungwa na Jacques Offenbach kwa tamthilia ya nyimbo iliyochezwa Paris mwaka 1858. Nyanya alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, akasema: "Muziki huu unakimbia kama mtu aliyeiba." Hata kijana alicheka, halafu akakumbuka, akanyamaza.

Ndipo nyanya akasema neno lake. Tulifikiri ataanza na betri. Hakuanza na betri.

"Mjukuu wangu kuchukua betri, ni mtoto, tumbo la mtoto halina mlango. Angeniambia, 'Nyanya nimezichukua,' ningemkaripia, ningetuma mtu kwa jirani kusikiliza. Lakini aliniambia redio imeharibika. Nikakaa siku tatu karibu na redio nzima, nikifikiri imekufa. Rafiki yangu akazikwa. Mimi nilikuwa hapa, si mbali, miguu yangu inatembea. Si mchezo ulionikosesha maziko. Ni neno lile."

Hakuna aliyejibu. Sisi mwalimu tuliokuja na kalamu hatukuandika kitu kwa muda. Sote tulikuwa tukijadili chombo, na mwenye kuumizwa alikuwa na habari nyingine kabisa.

Waliyoyapanga

Tusiwafiche: hatukuwapangia sisi. Walipanga wenyewe jioni ile, nasi tulisaidia kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kwanza, kijana ataenda pamoja na nyanya kwa familia iliyofiwa, kutoa pole, na atasema mwenyewe kwa nini nyanya hakufika. Walikwenda Jumamosi. Mama alitupa habari kwamba kijana alisema maneno machache, akalia, na wenye nyumba walimpa maharagwe ale. Nyanya alikaa nao mpaka jioni. Hatujui kama moyo wake umepoa. Alisema tu kwamba ameliona kaburi.

Pili, betri za redio na za tochi haziguswi, hata kama Mario yuko mlangoni pa Tatanga.

Tatu, betri za mchezo zinanunuliwa kwa pesa ya kazi ya watoto wenyewe, na pesa ya chumvi haiingii humo. Zikikosekana, chombo kinalala.

Nne, mchezo unachezwa Jumamosi tu, baada ya daftari na kazi. Kwa sababu mchezo haukumbuki kitu, mama hatamwita anayecheza kwa dakika 40, isipokuwa kwa jambo la haraka. Na zikiisha, chombo kinazimwa kabisa, hakisimamishwi chini ya kitanda. Tunaona sheria hiyo ni ya akili, kwa maana imetokana na mchezo wenyewe ulivyo. Kabla ya kuujua, mama angeweza kusema "dakika kumi", na vita ingeanza kila siku, maana dakika kumi katika mchezo huu ni kumnyima mtoto kumaliza sikuzote.

Tano, dakika 40 za kijana, dakika 40 za msichana. Na ili dakika za msichana ziwepo kweli, kijana ataosha vyombo vya Jumamosi na kuchambua sombe. Hapo kijana alitaka kubisha. Nyanya alikohoa tu, akaacha.

Neno letu

Mama wapendwa, hatuwaambii mkanunue Game Boy. Wengi wetu tunatafuta karo kwanza, na yule mama aliyesema mkutanoni kwamba betri nne ni mboga ya siku moja alisema kweli. Nyumba isiyoweza, isione haya. Mtoto wa Kadutu anayesukuma gurudumu la waya naye anaruka mashimo yake.

Lakini michezo imekwisha kuingia kwetu, hasa kwa simu. Na mchezo mmoja si sawa na mwingine. Huu wa zamani una mwisho, hauna matangazo, hauombi pesa katikati ya njia, na hakuna mtu asiyejulikana anayeongea na mtoto ndani yake. Michezo mingi ya simu haina mwisho hata kidogo, imetengenezwa isiwe nao. Mama atajua tofauti hiyo akiuliza, akikaa, akiangalia. Tukisema tu "yote ni shetani mmoja", mtoto anajua hatujui, na siku tutakapomwonya juu ya mchezo mbaya kweli, hatatusikia.

Basi kwa mkutano wa kila kikundi wiki hii, tunawaachia maswali manne ya kuongea:

1. Mtoto wako anacheza mchezo gani, na anasema nini juu yake? Umemwuliza lini?
2. Mchezo ule unakumbuka mahali alipofikia, au unapoteza yote ukizimwa? Sheria ya nyumba yako inafuatana na jambo hilo?
3. Katika nyumba yako, nani ana saa ya kucheza, na nani anaosha vyombo wakati huo?
4. Mtoto akiharibu kitu, anaweza kukuambia kweli bila kuogopa kufa?

Swali la nne ni zito kuliko mengine. Sisi wenyewe tumelijiuliza darasani, na jibu halikutufurahisha.

Yule mama hakuuza kile chombo. Kimo katika sanduku lake la vikwembe, na ufunguo anao nyanya. Jumamosi iliyopita, alituambia, msichana alifika dunia ya Chai. Tukauliza kama alimaliza. "Hapana," akasema, "dakika zake zilikwisha. Alizima mwenyewe."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye daftari. Waleteni mkutanoni wale watoto wanaoandika kwa penseli fupi kama jino. Tuna neno juu yao. Mbaki salama.